Mgongo wa Shangazi na Somo la Bure

Mgongo wa shangazi yangu niliujua kuliko uso wake. Ulikuwa mgongo mpana, wenye gauni la kitenge lililomkaa barabara, na kwa muda wote niliokuwa mwanafunzi wake pale Koboko ulisimama kati yangu na meza ya kukatia. Tulikuwa wasichana watatu kwenye baraza lake. Tulishona pindo, tulikaza vifungo, tulipuliza makaa ya pasi mpaka macho yakatuwasha, jioni tukafagia vipande. Lakini kitambaa cha mteja kikishatandazwa mezani, na ule mkasi mkubwa ukitoka kwenye droo, Shangazi alitugeuzia mgongo. Aligeuka mzimamzima, kama mtu anayebadili nguo. Sisi tukabaki kusikiliza mkasi unavyotafuna.

Hakuwa na roho mbaya, naomba nieleweke. Ndivyo walivyo mafundi wengi wa kwetu. Kushona atakufundisha yeyote. Kukata ni siri ya mwenye baraza, kwa sababu msichana akishajua kukata atanunua mkasi wake, atakaa ng'ambo ya barabara, na wateja watavuka. Mimi niliruhusiwa kusogea baada ya miaka, kwa kuwa ni mtoto wa kaka yake. Nilisimama nyuma ya kiwiko chake cha kulia, macho kwenye mikono yake, mdomo nimeufunga. Siku aliponipa mkasi nikate mwenyewe nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mume wangu analijua hilo, tumeshaligombania.

Harusi ndiyo iliyonihamishia Arua. Nilipata chumba kidogo karibu na soko, nikaweka cherehani mlangoni penye mwanga, nikaanza kushona nguo za watu. Siku moja jirani yangu muuza mboga alikuja na kitambaa cha bluu. Binti yake alihitaji sketi ya shule, na yeye alitaka nimwonyeshe tu namna ya kukata, atashona mwenyewe kwa mkono. Nikamwambia hakuna shida, mama. Nikatandaza kitambaa, nikashika mkasi, na kufumba na kufumbua nikajikuta nimempa mgongo. Sikukusudia. Mwili wenyewe uligeuka. Yule mama akaanza kuchungulia, mara bega hili, mara bega lile, kama kuku anayetafuta mlango wa jikoni, nami nikacheka mpaka nikauweka mkasi chini. Kisha nikahamia upande wa pili wa meza na kumwonyesha kila kitu.

Blogu yangu ilizaliwa hapo. Nilikuwa nimeshaona masomo ya kushona kwenye mtandao, mazuri sana, ya akina mama wa nchi za mbali wenye meza kubwa kuliko chumba changu cha kulala. Wao walisema nunua karatasi maalumu ya kuchorea. Sisi tuna mifuko ya saruji. Ukiukung'uta mfuko wa saruji, ukaukata ukaufungua, ile karatasi ya ndani ni safi na ngumu, inakaa miaka. Nikachora sketi ya kwanza kwenye karatasi hiyo, nikaipiga picha kwa simu, vipimo nikaviandika chini ya picha, na maelezo yote nikayaweka kwa Kiswahili. Kati ya Arua na Koboko utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, na lugha za waliovuka mpaka kutoka Kongo na Sudani Kusini. Kiswahili chetu cha sokoni na cha kambi za askari hakimwonei haya yeyote, na hakuna anayekucheka ukikizungumza.

Sikuweka bei. Sikulifikiria hata kidogo. Msomaji wangu alikuwa ameshanunua bando, ameshatafuta mahali pa kuchajia simu, na wengine walikuwa wamepanda kilima kutafuta mtandao. Nikiongeza mlango wa kulipia, nitakuwa nimegeuka tena.

Majibu yalianza kuja polepole, kisha yakaja kwa fujo. Mama mmoja wa Lobule alinitumia picha ya sketi aliyoishona, ameitundika kwenye baiskeli ya mumewe ili ionekane vizuri. Mwingine alipiga picha sketi yenye upande mmoja mrefu kuliko mwingine, akaandika kwamba binti yake ameambiwa asimame kwenye mteremko. Nilizisoma kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata kwa mteja, hata yule anayelipa bila kuvutana. Baada ya sketi nikaweka gauni, baada ya gauni blauzi, na shule zilipokaribia kufunguliwa nikaweka shati la mtoto wa kiume, kuanzia kola mpaka mfuko wa kifuani.

Shati hilo lilitembea kuliko yote. Watu walitumiana kutoka simu hadi simu, kutoka Abuku mpaka Kuluba, na mwishowe likafika kwenye baraza la Shangazi.

Aliniita Koboko. Hakusema kwa nini. Nilimkuta ameketi, cherehani imefunikwa, jambo ambalo mchana kweupe sikuwahi kuliona.

"Kaa chini," alisema. "Mimi nasikia wewe iko unafundisha watu kukata. Kwa simu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Bure?"

"Bure."

"Hata soda hawakunywishi?"

"Hata soda, Shangazi."

Aliniangalia. Nilijua uso huo haukuwa wa hasira tu, na hilo ndilo lililoniuma. Shangazi ni mjane. Watoto wake amewasomesha kwa mashati ya shule. Kila muhula unapoanza, mashati ndiyo yanayolijaza baraza lake, na yakimalizika anaishi kwa marekebisho madogo madogo mpaka muhula mwingine.

"Kazi hii mimi napata kwa shida," alisema. "Wewe unamwaga kama maji ya kunawa. Shati ya shule ndiyo chakula yangu. Kila mutu akijua kukata shati, mimi nitakula nini? Nitakula wewe?"

Nilitaka kumwambia mambo mengi ya maana kuhusu elimu na dunia ya sasa. Namshukuru Mungu niliinama nikaokota vipande sakafuni.

"Kama lazima unafundisha, basi uza," alisema. "Kitu ya bure watu hawaheshimu. Na mimi pia hawataniheshimu."

Kisha akafunua cherehani na kunigeuzia mgongo. Safari hii hakuwa anakata kitu.

Nilirudi Arua nikiwa na mzigo moyoni. Mawazoni nilimwona Shangazi amefunga baraza, mbao zake zimesimamishwa ukutani, na watu wakisema mtoto wa kaka yake ndiye aliyemfungia. Kwa hiyo nikafanya kama alivyotaka. Somo la shati nililifungia, na somo jipya la kukata mkono wa gauni nililikata katikati. Nusu ya kwanza ilisomeka, nusu ya pili ilikuwa ya kulipia kwa simu, kiasi kidogo tu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wasomaji wangu wamelelewa sokoni. Kwetu huwezi kununua maharage kikombe kimoja ukaondoka na kikombe kimoja. Muuzaji anajaza mpaka kilima kinasimama, anamimina kwenye mfuko wako, halafu anachota tena kidogo kwa mkono na kuongeza. Hiyo ndiyo nyongeza. Asipoongeza, mteja hasogei, anasubiri tu, mfuko wazi, kama hajasikia kwamba biashara imekwisha. Mama yangu aliuza maharage maisha yake yote na sijawahi kumwona akimfukuza mtu kabla ya nyongeza.

Waliolipa walikuwa wachache, na kila mmoja wao alisubiri mfuko wazi. Mama mmoja wa Kuluba alinitumia ujumbe wa sauti, ametulia, hana papara. "Mama, habari ya kazi. Mimi nalipa somo ya mkono. Sasa gauni iko na mikono mbili. Ile moja mimi nalipa, ile ya pili unaniongeza." Nilimweleza kwamba mikono yote miwili hukatwa kwa karatasi moja, akishajua mmoja amejua yote. Akafurahi sana. "Basi nyongeza yangu iko wapi?" akauliza.

Mwingine alitaka aongezewe kola. Mwingine, badala ya pesa, alinitumia kwa basi kopo la ufuta wa kusaga, bila kuniuliza, na juu ya kifuniko ameandika: ya mkono na mfuko. Nilikula ule ufuta na mume wangu kwa mihogo ya kuchemsha, tukiramba vidole, na sikujua kama nimelipwa au nimealikwa. Siku nzima nilikuwa navutana na watu, na jioni nilikuwa sijafundisha chochote. Raha yangu yote ilikuwa imegeuka kuwa kibanda cha soko, tena kibanda cha mchuuzi asiyejua kuuza.

Wiki haikuisha, nikafungua masomo yote. Nikaandika mstari mmoja tu juu ya ukurasa: haya yote ni nyongeza, mfuko wako uko wapi. Kisha nikamwandikia Shangazi ukweli wote, kwamba nimejaribu kuuza nimeshindwa, kwamba nimefungua tena, na kwamba kama baraza lake litapungukiwa kwa ajili yangu nitakuja kukaa naye na kushona bila malipo mpaka lijae. Niliuona ujumbe umesomwa. Hakujibu. Siku zikapita, shule zikafunguliwa, na kila simu ilipolia nilidhani ni mtu wa kunipa habari mbaya.

Hatimaye alipiga mwenyewe. "Kuja," alisema. "Kuja sasa. Na simu yako."

Nikapanda basi la Koboko. Niliposhuka na kukata kona nikaona umati mbele ya baraza la Shangazi. Watu hukusanyika hivyo penye msiba, au penye duka linalotolewa vitu nje. Nikajikaza nikasogea, na nilipofika karibu nikaona kwamba wote ni wanawake, na kwamba kila mmoja ameshika shati jeupe la mtoto.

Mbele yao alisimama mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, amenyooka kama yuko gwaride. Ameshika shati la mjukuu wake kwa ncha za vidole.

"Mama fundi," alimwambia Shangazi. "Mimi navaa gwanda miaka mingi. Najua shati ya mwanaume inafunga upande gani. Hii iko ya mama. Mtoto yangu anaenda shule na shati ya mama?"

"Naona, Mzee," alisema Shangazi.

"Na mfuko iko upande ya kulia. Kalamu anachomoa na mkono gani?"

"Naona, Mzee. Si yako peke yake."

Nikayatazama yale mashati. Yote, mengine mazuri, mengine yamepinda, yalikuwa na mfuko kulia badala ya kushoto, na vifungo upande wa nguo za kike. Koboko ni mji wa familia za askari. Kwingine huenda mtoto angemaliza muhula bila mtu kugundua. Hapa kila nyumba ina babu aliyewahi kukaguliwa vifungo asubuhi, na mababu hao wote walikuwa wameamka siku moja na kukuta wajukuu wao wamevaa blauzi.

"Nani anafundisha nyinyi hivi?" Shangazi aliwauliza, ingawa alijua.

"Ile ya simu," wakajibu kwa pamoja. "Ile ya bure."

Hakuna aliyenijua kwa sura. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatoa simu, nikafungua somo la shati, nikaitazama picha. Shati lile nililishona kwa mikono yangu, mfuko kushoto, vifungo mahali pake, bado ninalo kabatini. Lakini kwenye picha mfuko ulikuwa kulia. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na yeye ndiye aliyeweka kidole kwenye futi ya kupimia niliyoilaza kando ya shati. Namba zake zilikuwa zimepinduka, zinasomeka kinyume.

Ndipo nilipokumbuka. Wiki ile simu yangu ilikuwa imeanguka juu ya pasi, kamera ya nyuma ikapasuka, na picha za shati nilizipiga kwa ile ya mbele, ya kujipigia. Nayo ilizihifadhi kama kioo, kulia ikawa kushoto, na kwenye maelezo niliandika tu fuata picha. Nilikuwa nimewafundisha wanawake wa wilaya nzima kushona shati la kwenye kioo.

Nikamweleza Shangazi hivyo, nikageuka kumwomba msamaha. Nilimkuta ameshika mbavu. Machozi yalikuwa yanamtoka, hana sauti, mabega yanaruka, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Yule mzee wa jeshi alibaki amenyooka, anasubiri amri.

"Kioo," alisema alipopata pumzi. "Mtoto ya kaka yangu, hata wewe kioo?"

Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulitamka kwa miaka yote tuliyofagia vipande vyake. Alisema kwa sauti, mbele ya wote.

"Mimi najifunza kambini. Bwana yangu iko askari, na kuna fundi ya jeshi, mzee mukali. Akikata anatupa mgongo. Lakini mbele yake iko kioo ya wateja, kubwa, kwa ukuta. Mimi nafagia polepole, naangalia mikono yake ndani ya kioo. Mwaka mzima nafagia. Siku moja nanunua kitambaa, nakata shati ya bwana yangu, nashona, napiga pasi. Anavaa, anaenda gwaride." Akajipangusa macho. "Anarudi na shati mkononi. Kikosi kizima inacheka. Mfuko iko kulia, vifungo iko ya mama."

Wanawake walivunjika mbavu. Hata mzee aliweka mkono mdomoni, kwa heshima.

Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa namwona msichana mwembamba na ufagio, nyuma ya mgongo wa mtu, akitazama kioo. Sikuwahi kufikiri kwamba naye aliwahi kusimama pale nilipokuwa nimesimama mimi. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote.

"Mimi naiba kwa kioo," alisema, ananitazama. "Wewe unagawa kwa kioo. Kosa iko moja."

Tukaanza kazi. Shati la namna ile linatengenezeka. Unafumua mfuko unauhamisha, unaziba matundu ya zamani na kukazia vifungo juu yake, unatoboa mapya upande wa pili, na hakuna atakayejua. Tulikuwa na mashati ya kutosha kutuweka pale mpaka soko lifungwe, na katikati ya mashati walikuja wengine ambao hawakuwa na kosa la mfuko. Mmoja alikata vizuri akashindwa na kola. Mwingine alikuwa na kitenge cha sikukuu, aliogopa kukigusa peke yake. Mwingine alitaka tu kuuliza cherehani ipi anunue.

Nilimwuliza Shangazi kwa sauti ndogo, sindano mdomoni, kama baraza limepungukiwa.

"Hawa zamani wananunua mtumba," alisema. "Mwaka mzima hawapiti hapa. Sasa kila mutu anajaribu, na akikwama anakuja. Mimi natafuta wewe wiki mbili nikwambie, nakosa maneno." Akauma uzi. "Halafu mambo ya vifungo yanakuja."

Mchana ulipokaribia kuisha, yule mwenye kitenge cha sikukuu ndiye aliyebaki wa mwisho kukatiwa, na wengine walikuwa bado wamekaa ukingoni mwa baraza, hawana haraka, mashati yao mapajani. Shangazi alikitandaza kitenge, akatoa mkasi mkubwa, akageuka kutupa mgongo kama alivyofanya maisha yake yote. Akasimama hivyo kidogo. Kisha akaniita nishike upande wa pili wa meza.

Meza ile haijawahi kutoka ukutani. Chini yake tulikuta vumbi, vipande vya rangi ambazo hazitengenezwi tena, na kifungo cha gwanda. Tuliivuta mpaka katikati ya baraza, naye akazunguka akaenda nyuma yake, uso kwa watu.

"Simu yako imepona?" aliniuliza.

"Imepona, Shangazi."

"Ile ya nyuma. Si ya mbele."

Wanawake wakasogea. Nikainua simu, nikamweka katikati ya picha, yeye na kitenge na futi inayosomeka sawasawa. Akauliza kama wanaona. Wakasema wanaona. Akainama, akaanza kukata, polepole kuliko kawaida yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikauona uso wa shangazi yangu akiwa kazini. Kumbe akikata hutoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo, kama mtoto anayejifunza kuandika.